Munganga wa Kujiletea

Kazi ya ukalimani hospitalini ina amri moja ambayo watu wa kwetu hawaielewi hata uwaapie: mkalimani hana "mimi" yake. Daktari akisema "nina wasiwasi na damu yako," nasema "nina wasiwasi na damu yako." Mgonjwa akisema "mke wangu ni jeuri," nasema "mke wangu ni jeuri," mimi Kemunto, mwanamke wa Kisii, mama wa watoto watatu, na daktari anatikisa kichwa kwa huruma bila kushtuka. Wiki yangu ya kwanza kazini nilioa, nikaachwa, nikaugua tezi dume, na Ijumaa jioni nikajifungua mapacha. Mshahara ule ule.

Sikulalamika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeosha migongo ya wazee wa Minnesota kwa miaka tisa, na bibi mmoja alininyofoa nywele akidhani mimi ndiye dadake aliyemwibia mchumba mwaka wa arobaini na moja. Mtu aliyepita hapo akipewa kiti, kalamu na kitambulisho cha shingoni kilichoandikwa "Mkalimani, Kiswahili," anamshukuru Mungu na kunyamaza. Ila hicho kitambulisho hakikusema Kiswahili cha wapi.

Wiki ya tatu, Aprili 2015, theluji ikiwa bado imekaa kwenye maegesho kama mgeni asiyejua kuaga, niliitwa kliniki ya figo. Mgonjwa aliitwa Byamungu, miaka sitini na minane, mtu wa Kongo upande wa Bukavu. Alikuwa amekaa kambini Tanzania miaka kumi na saba, na Saint Paul miaka miwili. Nikajiambia, Kiswahili ni Kiswahili.

Nilimkuta ameketi wima, koti la suti juu ya sweta mbili, kofia mkononi. Kando yake alikuwa mkewe, Mama Perpétue, mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho ya karani wa forodha, begi kubwa mapajani kama mtu aliyebeba chakula cha safari. Na kweli alikuwa nacho. Mayai ya kuchemsha na mkate.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mrefu, nywele zimefungwa kwa mpira, kizibao cha manyoya ya kondoo, viatu vya kukimbilia. Hakuvaa koti jeupe, wala hakuning'iniza kipimo cha kifua shingoni. Akanyoosha mkono, akasema maneno yake, nami nikayasema.

"Habari. Naitwa Karin. Niko kwenye timu ya figo."

Mzee akampa mkono kwa adabu, kisha akanigeukia. "Timu?"

"Ndiyo, mzee."

"Banachezea wapi?"

Nikatafsiri, maana amri ya pili ni kutoongeza na kutopunguza. Karin akacheka. "Mara nyingi hapa hapa."

Mimi nilijua Karin ni daktari wa upasuaji, tena mkubwa. Ian, nesi Mkenya wa kliniki hiyo, alikuwa ameshaninong'oneza koridoni. Lakini Karin hakulisema hilo, basi nami sikulisema.

Akageuza skrini, akaonyesha picha. Figo ya kushoto ina uvimbe, ukubwa wa ndimu changa. Kwa jinsi unavyoonekana, karibu hakika ni saratani. Habari njema ni kwamba bado ni mdogo, haujatoka nje ya figo, na kuna muda wa kufikiri. Habari isiyo njema ni kwamba figo ya kulia imechoka kwa presha ya miaka mingi, kwa hiyo hii ya kushoto bado tunaihitaji. Njia ziko tatu. Tunaweza kukata kipande chenye uvimbe na kuiacha figo iliyobaki. Tunaweza kuingiza sindano na kuugandisha uvimbe kwa baridi kali. Au tusiuguse kwa sasa, tuupige picha kila baada ya miezi michache tuone kama unakua.

Mzee alisikiliza bila kupepesa, mpaka penye kugandisha. Hapo alimwinamia mkewe. "Kunigandisha? Tangu mwezi wa kumi na moja mi niko nini?"

Karin akaweka kalamu chini, akasogeza kiti. "Kila njia ina uzuri wake na ubaya wake. Ningependa tuamue pamoja, Bwana Byamungu. Niambie: kwako wewe, jambo gani ni la maana zaidi?"

Mzee akamtazama mkewe. Akanitazama mimi. Akautazama mlango.

"Anauliza nini huyu?"

"Anauliza unapenda nini," akasema Mama Perpétue.

"Ninapenda nini mu figo?"

Alifikiri kidogo, akaweka kofia gotini, akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni: "Naitwa Byamungu. Nilizaliwa Kabare, mwaka arobaini na saba. Nilikimbia mwezi wa kumi, mwaka tisini na sita. Niko na bibi moja, batoto ine, moja alikufa. Sijashikaka bunduki." Akarudisha kofia mkononi. "Jibu ni ileile. Sijabadilisha kitu."

Nilitafsiri, nikiona ajabu. Karin alisikiliza yote hadi mwisho, akamshukuru, kisha akarudia swali lake taratibu zaidi. Hapo mzee akainua mkono.

"Madamu, asante kwa maulizo. Lakini mimi sitasema neno juu ya figo mpaka nione munganga."

Ndipo nilipoanguka, na nilianguka kwa kujiamini. Kwetu mganga tunamjua. Ana kibuyu, ana simbi, ana jogoo ambaye siku yake imefika. Nikageuka kwa Karin, nikatangaza kwa Kiingereza safi kwamba sitasema lolote juu ya figo mpaka nimwone mganga wangu wa kienyeji. Hilo "wangu" mzee hakulisema. Nililiongeza mimi, basi tu, ili sentensi ikae vizuri.

Karin hakucheka. Saint Paul ni mji wenye Wahmong wengi, wakimbizi kutoka Asia, na waganga wao, na watu wa hospitali wameshajifunza kutokunja uso. Akaweka mkono kifuani. "Bila shaka. Namheshimu sana. Mlete mganga wako Alhamisi ijayo, saa nane. Tutampa nafasi yake."

Nikasema hivyo hivyo. Mzee akabaki mdomo wazi.

"Tumulete sisi?" akauliza Mama Perpétue.

"Ndiyo, mama."

"Hospitali kubwa sawa hii, na lifti kumi, munganga tujiletee?"

Mzee akamgeukia mkewe, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Merveille, unakumbuka kile kitanda? Duka ilitupatia mbao na misumari mu karatoni. Njo Amerika. Kila kitu unajiundia mwenyewe."

"Njo" yake ni "ndiyo" yetu, hilo nililishika; mengine nikadhani wanatania.

Wiki ile kliniki haikuwa na habari nyingine. Ian alinivizia kila nikipita.

"Kemunto, huyo mganga wenu atachinja? Manake kuku hapa lazima a-sign fomu kwanza."

"Si wetu. Ni wa Kongo."

"Akikosea ni wa Kongo, akiponya mtu atakuwa wa Kisii. Nawajua."

Mchungaji wa hospitali, mzee mmoja mpole wa Kilutheri, aliandika barua pepe tatu. Tulipewa chumba kikubwa cha chini chenye dirisha. Alhamisi saa saba na nusu fundi alikuja na ngazi, akafunika kengele ya moshi kwa mfuko wa plastiki, ruhusa ya nusu saa, sahihi mbili. Mezani wakaweka bakuli la mchanga na kiberiti kipya. Mlangoni wakabandika karatasi ya kuomba watu wasiingie bila kubisha. Mchungaji akaniuliza kama mganga angependa kutazama upande fulani. Jibu sahihi la mkalimani ni "sijui." Nilisema mashariki. Mungu anisamehe.

Saa nane kamili wakaingia. Mzee Byamungu mbele, Mama Perpétue nyuma na begi lake, na kati yao mwanamume wa miaka hamsini hivi, suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa, mkoba wa ngozi ulionizidi umri. Mimi nilikuwa nimetarajia ngozi, ndiyo, lakini si ya mkoba.

"Huyu ni mutoto wa dada yangu, Murhula," mzee akasema kwa fahari. "Njo munganga."

Mchungaji akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Ian akamkabidhi kiberiti na kumsogezea mchanga kwa heshima zote. Murhula akapokea kiberiti, akautazama mchanga, akanijongelea.

"Dada, hivi ni vya nini?"

"Ni vya kazi yako, baba."

"Kazi gani?"

"Ya moshi."

"Moshi?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa adabu; akatia kiberiti mfukoni kama mtu aliyepewa zawadi asiyoijua, akaenda moja kwa moja kwenye skrini. Akasimama mikono nyuma, akaitazama ile picha muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiingereza cha pole pole, cha mtu aliyejifunza ukubwani, "Ateri zinazoingia figo hii ni moja au mbili? Mimi naona mbili."

Karin akasogea karibu na skrini.

"Ni mbili," akasema Karin. Akauliza kwa upole sana, "Je, haya ulifundishwa na babu yako?"

"Babu yangu alikuwa seremala."

"Basi ni nani aliyekufundisha?"

"Chuo kikuu, Kinshasa. Halafu nilifanya upasuaji Bukavu miaka kumi na moja." Akaigeukia picha. "Figo nimekata nyingi. Jenereta ikizima, tulimalizia na tochi ya simu."

Nilihisi joto likianzia visiginoni. Amri ya tatu ya kazi yetu ni hii: mkalimani akikosea, asimame aseme, na ajitaje kama mtu mwingine. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"Mkalimani anaomba kusahihisha kosa lake," nikasema. "Wiki iliyopita mkalimani alisikia neno 'munganga.' Mkalimani, kwa ujinga wake..."

"Usiongeze," akanong'ona Ian.

"...alidhani ni mganga wa kienyeji. Kumbe kwa Kiswahili cha Kongo munganga ni daktari. Mgonjwa hakuomba mganga. Alisema hatasema neno mpaka amwone daktari."

Karin akanitazama, akamtazama mzee, akajigusa kifua. Akasema sentensi moja, nami, kwa amri ya kwanza, nikamgeukia mzee na kuitoa kama ilivyo:

"Lakini munganga ni mimi."

Mzee akanikagua kuanzia kitambulisho hadi viatu. "Wewe?"

"Si mimi, mzee! Yeye. Madamu."

"Huyu wa timu?"

Wa kwanza kupasuka alikuwa Mama Perpétue. Alicheka akiwa ameshika begi ili mayai yasidondoke. Karin ilibidi akae, akijifuta macho kwa mkono. Mchungaji alichukua bakuli la mchanga kimya kimya akatoka nalo, na Ian akatoka nyuma yake, mabega yakimtetemeka. Mzee peke yake hakucheka.

"Kama yeye njo munganga, mbona anauliza mimi?" akasema. "Munganga haulizi. Anaangalia, anaandika, unaenda na karatasi yako. Mwenye kuuliza ni mutu wa UN. Wale banakuuliza, unajibu, mwaka ujao banakuuliza tena, ukibadilisha kitu kimoja banasema umedanganya." Akamnyooshea Karin kofia. "Mi nilifikiri huyu ni wa interview. Nikasema, yangu imekwisha, nimeshafika, sasa banataka nini tena?"

Nikatafsiri neno kwa neno. Karin akaacha kucheka. Akainuka, akakivuta kiti chake mwenyewe mbele ya skrini.

"Daktari," akamwambia Murhula, "tafadhali, keti hapa."

Murhula hakuketi mara moja. Baadaye ndipo nilipojua kwamba anafanya kazi nyumba ya wazee kule Champlin, anageuza watu vitandani na kubadilisha mashuka, na kitambulisho chake kimeandikwa "Mo" kwa sababu jina lilikuwa linawashinda. Ile kazi naijua, na sabuni yake naijua. Miaka minne Amerika, nadhani hilo neno "daktari" hakuna mtu wa hospitali aliyekuwa amempa. Akaketi, akakohoa, akakitoa kile kiberiti mfukoni akawa anakigeuzageuza.

Mzee naye uso ukakunjuka. "Sasa banganga bawili! Vizuri. Muongee ninyi, muamue ninyi. Mi nakubali. Batoshe yote."

Safari hii nilikuwa nimeshika adabu. Nikamuuliza Murhula, "Kutosha ni nini?"

"Kuondoa, dada. Anasema waitoe figo nzima."

Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita, wakati wa kuagana, mzee alisema "batoshe tu," na mimi nikamwambia Karin mgonjwa anasema inatosha kwa leo. Mkalimani akaomba kusahihisha kosa lake tena. Karin akapauka.

"Hapana, si nzima," akasema. "Nikitoa nzima, ile ya kulia haitaweza peke yake. Huenda ukaishia kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki."

"Mwiba ukiingia mu muguu," akasema mzee, "unaacha nusu?"

Kabla sijafungua mdomo, Murhula alikuwa ameshajibu. "Mjomba, mwiba ukiingia mguuni, unakata mguu?"

Mama Perpétue akapiga kofi moja. Mzee akaizungusha kofia.

"Basi wewe, Murhula. Wewe ni damu yangu. Amua."

Sote tukamtazama Murhula. Nami nilitaka aamue. Ingekuwa rahisi, tungeenda nyumbani.

"Kule ningeamua," akasema. "Ningekukata Jumanne, na Jumatano ungeniuliza nimekata nini. Wengine hata hawakuuliza, na mimi sikuwaambia. Nilikuwa na watu arobaini kwenye foleni." Akaweka kiberiti mezani. "Naweza kukueleza kila kitu alichosema, mpaka ukichoke. Lakini huyu mama anakuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja. Mjibu, mjomba."

Mzee akapiga goti kwa kofia.

"Miaka kumi na saba!" akasema. "Miaka kumi na saba kambini, hakuna mutu aliniuliza unapenda nini. Unga ni huu. Maharagi ni haya. Ukipewa mekundu ni mekundu. Siku ya kuondoka banatuonyesha karatasi, imeandikwa Minnesota. Nikauliza, iko wapi? Banasema kaskazini. Hawakusema kaskazini ya nini! Sasa leo, swali la kwanza mutu ananiuliza mu maisha yangu, ni figo? Kuamua kunafundishwa, sawa kutembea. Aanze na kitu kidogo. Aanze na maharagi!"

Nikatafsiri yote, na kijasho juu. Karin hakutabasamu. Alichukua karatasi safi.

"Sawa. Maharage ya rangi gani?"

Mzee akashtuka. "Manjano."

"Kwa nini?"

"Mekundu yananivimbisha tumbo."

"Chai au kahawa?"

"Chai. Maziwa mingi."

"Sindano au kisu?"

"Kisu. Sindano ya baridi sitaki. Baridi ya Mungu inatosha."

Nikainua kidole. "Inatosha ya Kenya au ya Kongo?"

"Ya Kenya!" akafoka, na mkewe akaanza kucheka upya.

"Kisu sasa," akasema Karin, "au kungoja?"

Hapo mzee akatazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila theluji chafu na gari la kuikwangua. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yeye ndiye aliyemuuliza daktari juu ya matibabu.

"Hicho kisu, nyuma yake kuna nini?"

"Maumivu ya siku kadhaa. Na wiki sita bila kuinua kitu kizito. Hakuna kuinama, hakuna kulima."

"Kulima hapana?"

"Hapana."

Akahesabu kwa vidole. Mwezi wa tano. Wa sita. Ikabidi Murhula atueleze: kanisa lao lilipewa kipande cha shamba Apple Valley, na mjomba wake ndiye mkulima wake. Nusu ya Wakongo wa Saint Paul na mji jirani wanakula lenga-lenga yake, yaani mchicha, kuanzia Juni mpaka baridi ya kwanza. Huko ndiko anakoitwa Papa, akipita safu kwa safu na kukaripia watu.

"Mukate mwezi wa kumi," akasema mzee.

"Papa Merveille!" Mama Perpétue akaruka. "Unachagua mboga, unaacha figo?"

"Nani ameulizwa?"

"Mimi njo nitabaki mujane!"

"Lakini nani ameulizwa?"

Karin akangoja watulie. "Mimi nilikuwa nafikiria Juni."

"Juni njo inatoka udongoni."

"Julai."

"Julai tunachuma. Nani atachuma? Wewe?"

"Mwisho wa Agosti."

"Septemba mwisho."

Jamani, mimi nimeuza mitumba Gikomba, nimesikia watu wakivutana kwa kila kitu kinachoshonwa. Lakini sikuwahi kusikia mtu akivutana na daktari wa upasuaji kuhusu mwili wake mwenyewe, na daktari akivuta kweli kweli. Karin akamgeukia Murhula, wakainamia ile picha pamoja, wakapima kitu kwa rula ya skrini, wakabishana kidogo kwa Kiingereza na mikono. Kisha Karin akamtazama mzee usoni.

"Nisikilize vizuri. Uvimbe wa ukubwa huu mara nyingi hukua pole pole. Miezi michache naweza kuikubali. Lakini siwezi kukuapia. Hatari ipo, ndogo, na itakuwa juu yako, si juu yangu. Kwa hiyo nina sharti. Julai unakuja kupigwa picha. Uvimbe ukiwa umefika hapa," akaonyesha kwa vidole viwili, "shamba unamwachia mtu mwingine, na unaingia wiki hiyo hiyo."

Mzee akalitafuna lile sharti. Akamwambia Murhula, "Ni haki?"

"Ni haki, mjomba. Ningekuwa mimi ningekata Juni. Lakini ni haki."

"Ikifika pale, nani atalima?"

"Mimi," akasema Mama Perpétue. "Na nitapanda mekundu."

Mzee akamtazama mkewe kwa kitu kilichofanana na hofu ya kweli, ya kwanza niliyoiona usoni mwake siku hiyo. Kisha akamwambia Karin, "Siku baridi ya kwanza inaua majani, kesho yake unikate." Karin akaeleza kwamba mtu wa kupanga vyumba vya upasuaji hawezi kuandika "baridi ya kwanza" kwenye kompyuta. Wakavutana tena kidogo. Wakaandika Jumanne, tarehe sita Oktoba. Mzee akasimama, akavaa kofia, akamshika Karin mkono kwa mikono miwili.

Wiki nzima nilikuwa nikitafuta neno la kile alichotaka Karin. Karatasi yao rasmi ilisema "uamuzi shirikishi," na ukilisikia utadhani ni mswada wa bunge. Neno lenyewe ni kupatana. Mnavutana mpaka mfike, na mkifika mnaelewana. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili. Kwa mara moja, hata Kongo na Kisii hatukugombana.

Julai picha ilipigwa. Uvimbe ulikuwa umeongezeka unene wa unywele, ukabaki ndani ya vidole vya Karin. Mzee alikuja na mfuko wa lenga-lenga, akamkabidhi mwenyewe. Karin aliila mbichi, kwenye saladi. Mama Perpétue aliposikia alisali.

Na Oktoba ikafika, na baridi yake, na tarehe sita. Chumba cha kungojea tulikuwa watatu: Mama Perpétue na begi lake, Murhula aliyetoka zamu moja kwa moja na sare ya kazi mwilini, na mimi. Hakuna aliyetania. Mama Perpétue alimenya yai, akalishika mkononi kwa saa tatu bila kulila.

Karin akatokea na kofia ya upasuaji kichwani. Akaanza kusema, nami nikasema naye, na sauti yangu haikuwa imetulia kama inavyotakiwa. "Nimekitoa kipande chote. Pembeni panaonekana safi, maabara itatuhakikishia. Figo iliyobaki inafanya kazi. Yuko salama."

Mama Perpétue akanikumbatia mimi, kwa nguvu, akanishukuru kwa kumkata mumewe vizuri. Nikamgeuza, akamkumbatia Karin na lile yai. Murhula alikuwa ameshauliza la ateri, na ameshajibiwa, na ameketi chini akiwa amefunika uso kwa viganja.

Karin alipotaka kuondoka, Mama Perpétue akamshika mkono wa gauni.

"Muulize hicho kipande kiko wapi."

"Kimeenda maabara, mama. Ndivyo inavyofanywa."

"Kimeenda?" Akamtazama Karin, akamtazama Murhula, akanitazama mimi. "Na mwenyewe nani alimuuliza?"

Mama Perpétue akaketi, akafungua begi, akaanza kula lile yai.

"Akiamka mi siko hapa," akasema. "Mumwambie ninyi."